Mirambo: Mtemi aliyeifunga njia ya Tabora

MWAKA 1871 msafara wa wafanyabiashara wa Kiarabu uliokuwa ukitoka Tabora kwenda Ujiji ulisimamishwa njiani, katika nchi ya mtemi kijana ambaye jina lake lilikuwa limeanza kutisha Unyamwezi nzima. Mtemi huyo alidai vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na robota tano za nguo.

Wenye mali walibishana naye kwa siku nzima, na mwishowe wakalipa. Lakini walipokwisha kulipa hawakuruhusiwa kupita. Waliambiwa wageuke na kurudi walikotoka, kwani tangu siku ile hakuna msafara wa Mwarabu ambao ungepita katika nchi ile mtemi wake akiwa hai.

Mtemi huyo alikuwa Mirambo. Katika muda wa wiki chache tukio hilo lilizaa vita vilivyoitikisa nchi yote iliyo kati ya pwani na Ziwa Tanganyika, vikapandisha bei ya pembe za ndovu huko Zanzibar na kumlazimisha Sultani Barghash kupeleka jeshi bara.

Vita hivyo mara nyingi husimuliwa kama mapambano ya Waafrika dhidi ya Waarabu. Simulizi hiyo ina ukweli wake, lakini haimalizi habari. Katika vita vya Mirambo, Wanyamwezi walikuwa pande zote mbili, na chanzo chake kilikuwa kimekwisha kuota mizizi zaidi ya miaka kumi kabla ya msafara ule kusimamishwa.

Kwa wakazi wa Kahama, Ushetu, Msalala na Bukombe, habari hizi si za mbali. Nchi iliyo jirani na Buzwagi, ambayo katika karne hii imejulikana kwa dhahabu, ilikuwa sehemu ya uwanja wa vita hivyo. Njia ya kutoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda ilikatiza upande huu, na ni katika kampeni dhidi ya Ukune, ambayo leo ni sehemu ya Ushetu, Mirambo alipopatwa na mauti.

Mirambo alizaliwa karibu mwaka 1840. Jina lake la ukoo lilikuwa Mtyela Kasanda, na baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo iliyo magharibi ya Tabora. Mirambo ni jina la vita, nalo maana yake ni maiti.

Unyamwezi ya wakati huo haikuwa dola moja. Ilikuwa mkusanyiko wa nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja ikiwa na mtemi wake, wanangwa wake na ikulu yake. Mtemi hakuwa mtawala wa amri tu; ndiye aliyetazamiwa kuleta mvua, kuwapatanisha wagomvi na kupokea jino moja la kila ndovu aliyeuawa katika ardhi yake.

Kwa desturi ya zamani katika sehemu nyingi za Unyamwezi, urithi wa utemi ulifuata upande wa mama. Mtoto wa dada wa mtemi ndiye aliyekuwa na haki ya kukalia kiti. Lakini katika karne ya 19, mali ya biashara ilipoongezeka, watemi wengi walianza kupenda kuwaachia utawala wana wao wenyewe, na wazee wa nchi wakagawanyika. Kila mtemi alipofariki, kukawa na mgombea wa desturi na mgombea wa mali.

Mali hiyo ilitokana na njia. Wanyamwezi walikuwa wasafiri na wapagazi mashuhuri kabla ya Waarabu kufika kwao. Kila kiangazi maelfu ya vijana walibeba pembe hadi pwani na kurudi na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kutoka kaskazini, katika nchi za Uzinza na Geita ya leo, zilikuja jembe za chuma zilizofuliwa na Warongo, na kutoka Uvinza ilikuja chumvi.

Waarabu na Waswahili wa pwani walipoanzisha makazi Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, mahali pale pakawa njia panda. Barabara moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na ya tatu ilirudi pwani hadi Bagamoyo. Aliyeishika Tabora alizishika njia zote tatu.

Mtemi wa Unyanyembe aliyewapokea wageni hao alikuwa Fundikira. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana aliwahi kufunga safari ya kwenda pwani akiwa mpagazi, na alipata habari za kufa kwa baba yake akiwa njiani. Alielewana na wafanyabiashara. Mmoja wao, Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, na kwa ndoa hiyo akawa na sauti kubwa katika mambo ya ikulu.

Fundikira alifariki karibu mwaka 1858, na hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Kulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulimtaka Mnywa Sere, mwana wa marehemu, na upande mwingine ulimtaka Mkasiwa, wa ukoo huohuo wa watawala. Mnywa Sere ndiye aliyeshinda na kukalia kiti.

Mtemi mpya hakuchukua muda kuonyesha kwamba alitaka kutawala kwelikweli. Aliamuru bidhaa zote zinazoingia Unyanyembe zilipiwe ushuru. Kwa kipimo cha utawala wowote lilikuwa jambo la kawaida, lakini wafanyabiashara wa Tabora waliokuwa wamezoea kuishi bila kutozwa walilichukua kama uvunjaji wa mapatano.

Mwaka 1860 wakashika silaha. Walimfukuza Mnywa Sere na kumweka Mkasiwa mahali pake. Kwa mara ya kwanza mtemi wa nchi kubwa ya Unyamwezi alitolewa na mwingine kuingizwa kwa nguvu ya bunduki za wageni.

Mnywa Sere hakukubali. Alikwenda porini na wafuasi wake, akazifunga njia, akaishambulia misafara na kuvichoma vijiji vilivyomtii Mkasiwa. Mwanzoni mwa mwaka 1861 alikutana na msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, akamwomba awe msuluhishi kati yake na Waarabu. Speke alijaribu, lakini usuluhishi haukufaulu, kwa sababu Mnywa Sere alitaka arudishiwe nchi, na nchi hiyo ilikuwa tayari imepewa mwingine.

Vita hivyo viliwagharimu wafanyabiashara watu wao wakubwa, akiwamo Snay bin Amir, tajiri mashuhuri wa Tabora. Speke mwenyewe alikwama kwa miezi katika nchi za kaskazini ya Tabora, upande wa Msalala ya leo, kwa kukosa wapagazi, kwani vijana waliogopa kuacha nyumba zao wakati nchi ikiwaka moto.

Mwaka 1865 Mnywa Sere alikamatwa na kukatwa kichwa. Wafanyabiashara waliona kuwa mambo yamekwisha. Kumbe walikuwa wameifundisha Unyamwezi masomo mawili ambayo hayakusahaulika: kwamba kiti cha utemi kinaweza kununuliwa kwa baruti, na kwamba mtemi asiyekuwa na bunduki zake mwenyewe anatawala kwa hisani ya wenye nazo.

Mmoja wa waliojifunza alikuwa Nyungu ya Mawe, wa ukoo wa watawala wa Unyanyembe, ambaye baada ya kuuawa kwa Mnywa Sere aliondoka na wapiganaji wake kwenda kusini na kujijengea dola kubwa katika nchi ya Ukimbu. Mwingine alikuwa Mirambo.

Mirambo alirithi utemi wa Uyowa akiwa kijana sana, karibu na wakati Mnywa Sere alipokuwa akigombana na wafanyabiashara. Uyowa ilikuwa nchi ndogo, na isingeweza kumfikisha mbali kama angetawala kwa desturi tu.

Kabla ya hapo Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika, ambao Wanyamwezi waliwaita Watuta, walikuwa wameingia Unyamwezi wakiwa na mbinu mpya za vita. Walipigana kwa vikosi vyenye nidhamu, wakishambulia kwa ghafla na kuwachukua mateka vijana ili wawafanye askari wao. Masimulizi husema kwamba Mirambo alijifunza kutoka kwao, na baadaye Watuta walipigana upande wake.

Aliyachanganya mafunzo hayo na bunduki za gobori zilizoletwa na misafara. Kutokana na mchanganyiko huo likapatikana jeshi la rugaruga. Hawa walikuwa vijana wengi wao wasio na ukoo wa kuwatetea: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi waliozikimbia kazi zao. Walivaa nguo nyekundu na manyoya, walitembea usiku na kushambulia alfajiri, na riziki yao ilikuwa ngawira.

Jeshi la namna hiyo lina nguvu, lakini pia lina njaa. Halilimi, halifugi, na likikaa bila vita huanza kumtazama bwana wake. Mtemi aliyeliunda alilazimika kulilisha kwa ushindi, na ushindi ulihitaji baruti, na baruti ilitoka Tabora.

Kwa silaha hizo Mirambo aliziunganisha Uyowa na Urambo, akajenga makao yake makuu Iselamagazi, kisha akaanza kuzimeza nchi jirani. Mahali pengine alimwacha mtemi wa zamani katika kiti chake mradi atoe pembe na wapiganaji. Mahali pengine alimweka ndugu au mtu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alikuwa ameikaribia barabara ya Ujiji, na Tabora ikaanza kupata wasiwasi.

Hapa ndipo palipo kiini cha mgogoro. Neno hongo, ambalo leo maana yake ni rushwa, zamani lilikuwa jina la ada halali. Kila msafara ulilipa hongo kwa mtemi ambaye ulipita katika nchi yake, nao ukapewa maji, chakula na usalama. Ilikuwa kodi ya njia, na mtemi aliyeshindwa kuipokea hakuhesabiwa kuwa mtemi.

Mirambo aliiona hongo hiyo kuwa haki yake kwa sababu njia ilipita kwake. Wafanyabiashara wa Tabora waliiona kama mwanzo wa kurudi kwa Mnywa Sere. Walikuwa wamekwisha kumwondoa mtemi mmoja kwa sababu ya ushuru, na hawakuona sababu ya kumvumilia wa pili.

Juu ya hayo kulikuwa na madai ya deni la pembe, ambalo Mirambo alilalamika kwamba wakubwa wa Tabora walikataa kuliamua kwa haki. Kulikuwa pia na uadui wake na Mkasiwa. Mtemi wa Urambo alimhesabu mtemi wa Unyanyembe kuwa mpinzani wake, na wafanyabiashara walikuwa wamefungamana na Mkasiwa kwa kuwa ndio waliomweka. Kumgusa Mkasiwa kulikuwa kuwagusa wao.

Hata Tabora yenyewe haikuwa na kauli moja. Liwali wa Sultani, Said bin Salim, alikuwa mtu wa tahadhari ambaye hakupenda vita, na alikuwa na wapinzani wake katika watoto wa Nasibu, Sheikh na Abdullah, waliotaka Mirambo apondwe. Kila upande ulikuwa na barua zake za kupeleka Zanzibar. Kwa hiyo pande mbili za Wanyamwezi, zilizokuwa zikigombea nani awe mkubwa, ziliungwa mkono na pande za wafanyabiashara zisizoaminiana.

Msafara wa Ujiji ulipogeuzwa njia, wenye msimamo mkali wakapata hoja yao. Baraza la Tabora liliamua vita. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa amefika Tabora mwezi Juni 1871 akimtafuta David Livingstone, alikubali kujiunga pamoja na watu wake, kwa sababu njia iliyofungwa ilikuwa ndiyo njia yake pia.

Mwanzoni mwa Agosti 1871 jeshi la zaidi ya watu 2,000 liliondoka kwenda magharibi. Ndani yake walikuwamo Waarabu, Waswahili, watumwa wenye bunduki na Wanyamwezi wa Mkasiwa. Waliviteka na kuvichoma vijiji kadhaa bila shida kubwa, wakaamini kwamba vita ingekwisha katika siku chache.

Kikosi cha watu wapatao 500, kikiongozwa na kijana aitwaye Soud bin Said, kilitangulia kuushambulia mji wa Wilyankuru. Waliuingia, wakakuta pembe na nguo nyingi, wakajitwisha ngawira. Mirambo alikuwa ametoka na watu wake na kujificha kwenye majani kando ya njia. Washambuliaji waliporudi wakiwa wameelemewa na mizigo, rugaruga waliwaibukia kutoka pande zote mbili. Soud aliuawa pamoja na wenzake wengi.

Habari zilipofika kambini, jeshi zima lilivunjika. Kila mkubwa alikimbia na watu wake, na Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, aliachwa karibu peke yake.

Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliufuata ushindi wake hadi Tabora kwenyewe. Mfanyabiashara Khamis bin Abdullah, mmoja wa watu mashuhuri wa mji ule, alitoka kumkabili akiwa na watu wachache. Wakamkimbia, akauawa pamoja na kijana aliyemlea kama mwanawe. Sehemu ya mji ikachomwa moto. Stanley, akiwa Kwihara, alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake akingojea zamu yake, lakini Mirambo hakuendelea. Alichukua ng'ombe, pembe na mateka, akarudi Urambo.

Waliolipa gharama ya siku ile hawakuwa matajiri peke yao. Wakulima wa vijiji vilivyouzunguka mji, watu wa Mkasiwa, walipoteza nyumba, mifugo na watoto. Na upande wa pili, vijiji vya watu wa Mirambo vilivyochomwa wiki mbili kabla vilikuwa vya Wanyamwezi vilevile.

Stanley aliamua kuikwepa njia ya vita. Aliondoka Septemba kwa kuzunguka kusini na kumkuta Livingstone Ujiji mwezi Novemba. Wazungu hao wawili waliporudi Tabora mwezi Februari 1872, vita vilikuwa bado vinaendelea, na Livingstone alibaki hapo hadi Agosti akingojea wapagazi kutoka pwani.

Huko Zanzibar pembe zilipungua sokoni na bei ikapanda. Wahindi waliokuwa wamekopesha misafara mali hawakuona fedha zao zikirudi. Sultani Barghash, aliyekuwa ametawazwa mwaka 1870, alilazimika kupeleka askari wa Kibaluchi. Jeshi hilo lilifika, likakaa, likala akiba ya nchi na kugombana na wenyeji wake, lakini halikumshinda Mirambo. Mwishowe Sultani aliliita lirudi pwani.

Mwaka 1875 pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Mirambo alihitaji baruti na nguo, na Tabora ilihitaji njia. Wakapatana. Mkasiwa alifariki mwaka uliofuata, na Isike akachukua kiti cha Unyanyembe. Said bin Salim, aliyetaka amani tangu mwanzo, hakuifaidi: wapinzani wake walimwondoa katika uliwali kabla ya muongo ule kwisha.

Kuanzia hapo Mirambo aliingia katika kipindi cha ukubwa wake. Mwezi Aprili 1876 Stanley, akitokea Ziwa Viktoria kwa njia ya kaskazini inayopita Ubagwe, alikutana na mtu ambaye miaka mitano nyuma alipigana naye. Alitarajia kumwona jambazi, akamkuta mtu mtulivu, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Wakachanjiana damu na kuwa ndugu. Katika maandishi yake Stanley alimlinganisha na Napoleon Bonaparte, na sifa hiyo ikaenea Ulaya.

Mirambo alielewa mapema kwamba nguvu mpya ilikuwa inakuja, na kwamba Zanzibar si mwisho wa dunia. Aliandikiana na balozi wa Uingereza, John Kirk, akitafuta njia ya kuuza pembe na kupata silaha bila kupitia kwa maadui zake. Mwaka 1879 alimpokea Urambo daktari mmisionari wa Kiingereza, Ebenezer Southon, akampa mahali pa kujenga na kumfanya mshauri wake.

Lakini jeshi lile lile lililomwinua ndilo lililomharibia jina. Mwaka 1880 watu wake, wakiwa pamoja na wa mtemi Simba, waliushambulia mji mmoja wa Upimbwe ambamo Waingereza wawili, Frederick Carter na Tom Cadenhead, walikuwamo, nao wakauawa. Mirambo alieleza kwamba hakukusudia, ila Kirk alimpa kisogo. Southon alifariki mwaka 1882, na kwa kifo chake Mirambo akampoteza mtetezi aliyekuwa akimwandikia barua.

Wakati huohuo vita havikuacha kuhitajika. Rugaruga walipelekwa Uvinza kwenye chumvi, Usukuma kwenye ng'ombe, na Usumbwa na Ushirombo kwenye njia ya Karagwe. Nchi zilizokuwa zikifua na kusafirisha jembe za chuma zikawa zinajenga maboma ya miti na kulima karibu na nyumba kwa hofu.

Ukune ilikuwa mojawapo ya nchi zilizokataa. Mtemi wake, Kapera, alimkabili Mirambo kwa ukaidi, na mwaka 1884 Mirambo alimwendea kwa vita ingawa alikuwa amekwisha kudhoofika kwa maradhi. Hakurudi. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884 akiwa katika kampeni hiyo, na umri wake ulikuwa wa miaka ipatayo 44.

Mwezi huohuo alifariki pia Nyungu ya Mawe huko kusini. Dola ya Nyungu, iliyokuwa imegawanywa kwa mpango chini ya maakida wake, ilidumu kwa muda. Ya Mirambo ilianza kumomonyoka mara moja. Ndugu yake, Mpandashalo, alirithi kiti lakini hakuirithi heshima. Nchi zilizotiishwa zikajitoa moja moja, na yeye mwenyewe aliuawa vitani mwaka 1890.

Wajerumani walipofika Tabora mwaka huohuo wa 1890 walikuta Unyamwezi iliyogawanyika vilevile kama alivyoiacha Fundikira. Isike wa Unyanyembe alisimama kupigana nao karibu peke yake, na Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, aliilipua ghala yake ya baruti akiwa ndani ili asitekwe. Hakukuwa na Urambo ya kumsaidia. Uadui wa miaka ya 1871 hadi 1875 ulikuwa umeimaliza nguvu ambayo ingeweza kusimama pamoja.

Tanzania huru imemweka Mirambo katika orodha ya mashujaa wake. Kambi ya jeshi ya Tabora ina jina lake, na wanafunzi husoma habari zake. Heshima hiyo anaistahili, kwani alikuwa mtawala wa bara aliyethubutu kuwaambia wafanyabiashara wenye bunduki kwamba utajiri unaopita katika nchi una wenyewe.

Hata hivyo, haki ya dai na njia ya kulidai ni mambo mawili. Dai la Mirambo kuhusu hongo lilikuwa la haki kama lilivyokuwa la Mnywa Sere kabla yake. Kilichokosekana ni baraza ambalo pande zote zingelikubali, mahali ambapo mtemi wa Urambo, mtemi wa Unyanyembe na matajiri wa Tabora wangekaa na kuamua nani alipe nini na kwa nani. Mahali hapo palipokosekana, bunduki zikaamua, na bunduki haziwezi kuamua mara moja tu.

Swali hilo lilirudi katika nchi ileile zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi uliligawa Bunge; mbunge wa upinzani, Zitto Kabwe, akasimamishwa, na mjadala ukaenea nchini kote. Mgogoro ulikuwa mkali na ulihusu jambo ambalo Mirambo angelitambua mara moja, yaani nani ananufaika na mali inayotoka katika ardhi. Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini, na mwaka 2010 ikatungwa sheria mpya ya madini.

Si kila mtu aliridhika na matokeo, na mgodi wenyewe ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufunga uchimbaji mwaka 2021 huku mjadala huo ukiwa haujakwisha. Lakini vyama vilivyopingana vilipingana kwa hoja, na kijiji hakikuchomwa moto kwa sababu ya mkataba. Watu wa Ukune na Ubagwe wa mwaka 1884, waliolala ndani ya maboma yao wakingojea alfajiri ya rugaruga, hawakuipata bahati hiyo.